Neno Nililolisema Kwenye Usaili

Kijana aliyekuja kuomba jeshi alikuwa na kila kitu wasaili walichokuwa wakikitafuta: cheti safi, afya njema, na pumzi za mtu aliyekua akishuka njia za Mamba Miamba na gunia la tangawizi begani. Tulipofika kwenye tabia, mwenyekiti akanigeukia. "Afande, huyu anatoka huko kwenu. Unasemaje?"

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, na huku Upareni neno la mstaafu kuhusu jeshi halipingwi. Nikasema, "Ana mambo ya kike kike. Mkimpeleka kambini atawaharibia wenzake." Watu wakacheka, jina likakatwa, akaitwa mwingine.

Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na maneno ya gulioni, na jinsi alivyokuwa akitembea.

Ningependa kusingizia ujinga, lakini mwaka 2013 nilikuwa Goma, Kongo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeunda brigedi ya kupambana na vikundi vya waasi, M23 wakiwemo, na ndani yake tulikuwa Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wetu. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza kumbagua mtu kwa sababu anapenda watu wa jinsia yake, na katazo hilo halikuishia kwenye geti la kambi. Kwa hao Waafrika Kusini kulikuwa na mtu wa mawasiliano ambaye kikosi kizima kilijua yukoje, naye hakujificha. Agosti ile ya mapigano ya Kibati, tulipompoteza meja wetu, yule bwana hakubanduka kwenye redio. Hakuna aliyemwuliza analala na nani. Tulimwuliza kama yuko hewani.

Ni yeye aliyenisimulia kwamba enzi za makaburu jeshi la nchi yake liliwapeleka askari wa aina yake hospitali ya kijeshi, wakapigwa shoti za umeme ati wapone. Nilisikitika sana. Kusikitika kule Goma hakukunigharimu chochote. Huku kwetu Same nina kanisa, nina wakwe, nina benchi langu la kahawa, na siku ile ya usaili niliogopa kwamba nikimtetea kijana wataanza kunitazama mimi. Nikatafuta kicheko chao. Nilikipata.

Najua nitajibiwa kwamba sheria iko upande wangu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Adhabu hiyo mimi naiona ya kikatili, lakini hata hiyo hutolewa na hakimu kwa kitendo kilichothibitishwa. Haitolewi na mzee mwenye soga. Na sisi Wapare ndio watu wa mwisho kuhalalisha kumhukumu mtu kwa kukisia: mwaka 1945 babu zetu walishuka milimani kwa maelfu, wakakaa pale Same kupinga kodi ya mbiru, iliyowatoza watu kwa mali waliyokadiriwa na wengine.

Tena nisijifiche nyuma ya neno ushahidi. Hata kama nilikisia sawa, nilikosea vilevile. Yule wa Goma hakuwa wa kukisiwa, na alikuwa askari bora kuliko mimi.

Mwaka jana nilimkuta kijana Kisiwani akipakia mahindi kwenye lori. Shikamoo yake ilikuwa ya heshima ileile. Nikamwambia mimi ndiye niliyemkatisha.

"Najua, mzee. Dirisha lilikuwa wazi."

Nikamwambia niko tayari kwenda kwa wahusika na kuyafuta maneno yangu. Akasema umri wa kuomba umeshampita, kisha akaniuliza kama bado naitwa kwenye usaili.

Bado naitwa.