Vipande viwili vya muhogo

Mwaka wangu wa kichungaji niliupitia Maneromango, wilayani Kisarawe, mahali ambako ndugu zetu Walutheri walitutangulia tangu karne ya 19. Jioni nilisaidia wanafunzi tisa wa kidato cha pili kujiandaa na upimaji wa taifa. Ukishindwa, unarudia darasa, na mzazi anayeishi kwa korosho na muhogo huenda asikubali. Binti mmoja alikuwa ameshaambiwa hivyo nyumbani.

Baiolojia ndiyo iliyotutesa. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza. Niliandika ubaoni maana ya osmosisi, nikaeleza, wakaitikia, “Ndiyo, Frateri.” Niliwaamini wiki mbili nzima. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake kichwani. Mmoja alidhani ni ugonjwa wa mimea.

Basi nikamenya muhogo, nikakata vipande viwili vyembamba. Kimoja nikakitia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Halafu nikanyamaza, jambo gumu kwetu tunaojifunza kuhubiri. Baada ya saa moja wakavipokezana. Cha maji matupu kilikuwa kigumu, kinavunjika kwa mlio. Cha chumvi kilipindika kama kamba.

“Kimenyauka.”

“Kunyauka ni majani. Hiki kimelegea.”

“Kimesinyaa,” akasema yule binti, “maji yamekitoka, yameifuata chumvi.”

Wakabishana, macho yote kwenye bakuli, wakakubaliana: kimesinyaa. Nikauliza maji yamepita wapi. Wakasema lazima ndani mna chujio, linalopitisha maji na kuzuia chumvi. TUKI walitoa kamusi ya istilahi za sayansi mwaka 1990, na neno la kitaalamu ni utando. Sikuwasahihisha siku ile. Chujio lilikuwa letu sote, na neno la Kiingereza nilipolirudisha lilipata pa kukaa.

“Kumbe ndivyo ng'onda anavyokaushwa!” mmoja akapiga kelele. Tulipofika kwenye mizizi, mtu alisema tu, “Chujio tena,” na wote tisa wakaelewa.

Yule binti alivuka kidato cha pili.

Nimerudi seminari, nasoma teolojia. Juzi mwalimu alieleza maumbo ya mkate na divai, tukaitikia sote. Usiku nikamwuliza jirani yangu anaelewaje neno “maumbo”. Alilosema silo nililokuwa nalo mimi. Tukamwita wa tatu, naye akaja na lake.