Kuna Kansa Hatuitaji Jina

Wasee, leo naongea kitu ambacho kikitajwa maskani watu hucheka halafu wananyamaza. Kansa ya tupu ya nyuma. Nasema hivyo kwa sababu ndo neno nililofunzwa madrasa. Ustadh anafundisha kuchamba na udhu, hakuna mtoto anayecheka. Lile neno lingine ni tusi. Sasa mtu akivuja damu huko, amwambie vipi dada wa duka la dawa na nyuma yake kuna foleni?

Hasemi. Anaitisha dawa ya bawasiri, anapewa mafuta ya kupaka, anarudi nyumbani. Kuna mzee hapa Bondeni (msianze kuhesabu milango, ameniruhusu kuongea, jina hapana) amepaka hivyo karibu mwaka mzima. Na ukweli ni kwamba mara nyingi hiyo damu huwa bawasiri tu. Lakini kansa hii nayo huanza hivyo hivyo: damu, kuwashwa, kauvimbe, maumivu. Kwa macho hutofautishi. Daktari anapima kwa kidole, dakika chache tu, akishuku anakata kinyama kidogo kiende maabara.

Kilichomfunga mzee mdomo si maumivu, ni baraza. Mwanamume, ugonjwa huko? Watakuwa washamaliza kumjadili kabla ya Isha. Hapo ndo mimi hukasirika, maana duniani wanaougua zaidi kansa hii ni wanawake. Karibu 9 kati ya 10 zinatokana na HPV, kirusi kinachopita ngozi kwa ngozi. Wengi waliowahi kufanya mapenzi hukipata wakati fulani, na mwili hukifukuza wenyewe. Kikikataa kutoka, ndo shida, hasa kwa anayevuta sigara au anayeishi na VVU.

Chanjo yake Kenya ilizinduliwa papa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Ikasemwa ni ya mlango wa kizazi, maboi wakaona haiwahusu. Kirusi ni kilekile jamani!

Farrah Fawcett, mwigizaji wa Marekani, alikubali kamera zimfuate akiugua kansa hii. Akafariki 25 Juni 2009, siku moja na Michael Jackson. Unajua mwenyewe dunia ilimlilia nani.

Ikigunduliwa mapema, wengi hupona kwa mionzi na dawa, bila kisu. Hiyo ndo nilimwambia mzee. Wiki jana akaenda. Majibu bado. Nyumbani wanajua alienda kupima sukari.