Udongo Mchachu

Wilayani Rungwe watu hawaisemi sana mvua. Husema siku ambayo haikunyesha. Kwenye miteremko ya mlima, Nkunga ikiwemo, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo yakipita ardhini kwa maelfu ya miaka huosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, yakazipeleka mbali na mizizi. Kinachobaki ni udongo mweusi, mwepesi, wa kupendeza macho, lakini wenye tindikali. Tena, kwa kuwa asili yake ni majivu ya volkano, huikamata fosforasi na kuing'ang'ania, hata mbolea uliyoibeba kutoka Tukuyu ikawa mali ya udongo badala ya mahindi. Wakulima hawahitaji maabara kulijua hilo. Wanajua shamba ambalo maharage hugoma na chai hustawi.

Haya niliyasoma Morogoro, nikayafanyia mitihani. Uzito wake niliuona mwaka huu, binamu yangu alipotaka kupanda mipaina kwenye ekari mbili za shangazi pale Nkunga, juu tu ya chemchemi ambayo nyumba kadhaa huchota maji.

Hoja yake ilikuwa nzito. Mpaina haudai mbolea. Ukishapita miaka ya mwanzo haudai hata palizi. Baada ya miaka 15 hadi 20 ni mbao, na mbao ni fedha ya mkupuo, si ya kuokoteza kama ya chai. Ana watoto watatu wanaosoma na mama anayezeeka. Mimi niliitwa kwenye kikao cha ukoo kwa sababu nilisomea misitu.

"Wewe ndiye msomi wetu," shangazi aliniambia. "Hebu tuambie, mwanangu, huu mti unakula nini?"

Nimesikia maswali mengi ya misitu, machache yamenishika kama hilo.

Nilianzia mbali. Biblia ya Kiswahili imejaa misunobari na miberoshi, miti ambayo wengi wetu tuliikariri kanisani bila kuiona. Ndugu zao, ile miti ya Krismasi tunayoiona kwenye kadi, hufunika milima ya Ulaya kama Alps na Carpathians, na sehemu nyingi huota juu ya udongo mchachu kama wetu. Majani yao ni sindano zenye nta. Yakianguka huoza polepole, hasa kwenye baridi, yakajilimbikiza kama mkeka na kuuongezea udongo uchachu. Chini yake huota kuvu, feni na vichaka vya matunda madogo ya bluu. Vichaka hivyo ni ukoo mmoja na ile mierika tunayoikuta tukikaribia kilele cha Rungwe. Udongo mchachu huchagua wageni wake, huko na huku.

Mpaina tunaoupanda zaidi Nyanda za Juu Kusini asili yake ni Meksiko. Haukuja peke yake. Mizizi yake huishi kwa ubia na uyoga: uyoga huitafutia fosforasi na maji, mti huulipa sukari. Sehemu nyingi za Afrika, mipaina ya kwanza ilidumaa na kuwa ya manjano hadi wataalamu walipoleta kwenye vitalu udongo uliotoka chini ya mipaina mingine. Kwa hiyo uyoga unaochomoza chini ya mipaina ya shamba la miti la Kiwira nao ni mhamiaji. Mpodo wetu, binamu wa mbali wa mpaina na mwenyeji wa mlima huu, una ubia mwingine. Kuvu wake hujificha ndani ya mizizi, wala hauchipui uyoga.

"Bado hujajibu," shangazi alisema.

"Unakula akiba, shangazi."

Msitu wa Rungwe, mlima wa karibu mita 3,000, haunenepi kwa sababu udongo wake ni tajiri. Utajiri wake uko juu ya udongo, unazunguka. Jani likianguka linarudi. Tawi linarudi. Hata kinyesi cha kipunji kinarudi, yule nyani ambaye wawindaji wa hapa walimjua kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005. Mpaina nao hula kidogo, lakini siku ya kuvuna lori huondoka na magogo na magome yake, na kalsiamu iliyomo ndani haitarudi Nkunga. Mvuno mmoja udongo unaweza kuuvumilia. Wa tatu, wa nne, ndipo deni huonekana, na atakayedaiwa ni mjukuu.

Sikuusema mpaina kama adui, kwa sababu si adui. Kila ubao unaotoka shambani ni ubao ambao haukuibwa mlimani. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nilipendekeza upande wa chemchemi tupande mipodo na miti mingine ya asili, upande wa juu mipaina, na siku ya kuvuna matawi na magome yaachwe yaozee hapohapo, yasichomwe.

Binamu alipiga hesabu kwenye daftari la mwanawe. Hesabu ilikuwa sahihi: nusu ya fedha ilikuwa imeondoka.

"Mipodo inachukua miaka mingi kuliko niliyobakiwa nayo mimi," alisema. "Atavuna nani?"

Shangazi alinyoosha kidole bondeni, ambako mtoto alikuwa anapanda na ndoo kichwani.

Binamu hakumjibu mama yake. Alikwenda kuchukua kamba, tukashuka kuanza kupima kutoka kwenye maji. Alishika ncha yake kimya, na kila mita tuliyoihesabu ilikuwa ni miti yake inayopungua.