Picha za Ng'ombe Zilimaliza Bando ya Senge

Wasee, nilitengeneza programu ya kuuza ng'ombe hapa Ndalu, na mtu wa kwanza kuiweka kwa simu alikuwa senge yangu. Akanunua bando ya shilingi 20, MB 250. Akafungua mara mbili tu, bando kwisha. Akanipigia: "Mwanangu, hii kitu yako inakula kuliko ng'ombe wenyewe."

Kosa lilikuwa langu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha 30, kila moja vile ilitoka kwa kamera: pikseli 4000 kwa 3000, karibu MB 4. Hiyo ni MB 120, uone ng'ombe wadogo kama stempu! Na sikuwa nahifadhi nakala kwa simu, kwa hivyo akifungua tena zinashuka upya.

Ngoja, kuna mbaya zaidi. Simu ikionyesha picha, kila pikseli inachukua baiti 4 za memori. Picha moja hapo ni MB 48. Simu ya senge ina RAM ya GB 1. Ilikuwa inaganda, na mimi nasema eti ni simu mbovu.

Siku hizi picha inakaa kwa folda, hifadhidata inabaki na anwani yake tu. Seva inatoa nakala mbili za WebP: ya pikseli 320 kwa orodha, ya 1080 kwa mwenye amebonyeza.

Kimebaki kitu kimoja. Orodha inakata picha ziwe mraba, kiwele kinapotea, na mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa huangalia hapo kwanza. Nairekebisha wiki hii.

Senge bado ananidai ile 20.