Mpya Ipo?

Ukitaka kuelewana haraka na mtu usiyemjua, kwenye foleni ya benki au ndani ya basi la Dodoma lenye televisheni mbele, lalamikia burudani. Sema filamu zetu hazina hadithi, nyimbo zimebaki matusi yenye mdundo, wachekeshaji wamegeuka watukanaji na mastaa wanaishi kwa kiki. Hakuna atakayekubishia. Wazee watakumbuka michezo ya redio, vijana watakutajia tamthilia za Uturuki na Korea zilizotiwa sauti za Kiswahili, na mkifika stendi mtakuwa mmekubaliana kwamba wasanii wametuangusha.

Mimi nimewahi kulitazama lalamiko hilo kutoka upande wa pili, nyuma ya kaunta. Nilipokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na kila likizo baada ya hapo, nilimsaidia mjomba wangu katika duka lake la kukodisha filamu Mwembesongo, Morogoro. Tuliliita maktaba, kama maduka yote ya aina hiyo yalivyoitwa. Bongo Movie ilikuwa imepamba moto. Filamu ya Girlfriend ya George Otieno, iliyotoka 2003, ilikuwa imeonesha kwamba Watanzania wako tayari kulipa ili kutazama watu wanaofanana nao wakizungumza Kiswahili chao. Sura za Kanumba na Ray zilijaa kwenye ukuta wetu kutoka mlangoni hadi dari.

Kazi yangu ilikuwa kuandika daftari: jina la mteja, filamu aliyochukua, tarehe ya kurudisha. Kwa daftari lile nilijua mtaa mzima unatazama nini, na kwa kusimama kaunta nilijua wanaulizaje. Ni mara chache sana nilisikia mtu akiuliza, "Nzuri ipo?" Swali lilikuwa, "Mpya ipo?" Nikimwambia mteja kwamba mpya haijaingia, ila kuna hii ya miezi mitatu iliyopita ambayo hajaitazama na imetengenezwa vizuri, alipunga mkono. "Hiyo ya zamani."

Swali hilo halikuishia Mwembesongo. Mjomba alilipeleka Kariakoo kwa muuzaji wa jumla, wa jumla akalifikisha kwa msambazaji, msambazaji akampigia simu mtayarishaji. Jibu likashuka kwa njia ileile: filamu mpya kila wiki. Watayarishaji wengi waliuza kazi zao moja kwa moja kwa msambazaji, kwa malipo ya mara moja. Kwa utaratibu huo, aliyepiga picha kwa siku kumi alibakiwa na kitu mfukoni, na aliyekaa miezi mitatu akirekebisha mswada alikula hasara. Ndipo pia hadithi moja ikaanza kukatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili iuzwe mara mbili. Na ili vipande vyote viwili vijae, gari liliingia getini taratibu, mlinzi akafungua, bosi akashuka, akapanda ngazi, akafika ghorofani, akapanda ngazi nyingine. Watu walizicheka sana ngazi zile. Zilikuwa hesabu.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwamo kaka mmoja aliyekodi filamu mbili kila Ijumaa na kuzirudisha Jumatatu bila kuchelewa. Alikuwa mwandishi wa miswada. Aliwahi kuniambia kwamba aliandika mazungumzo yote ya filamu moja, neno kwa neno, na siku ya kupiga picha akaambiwa wahusika watajua wenyewe cha kusema, muda hakuna. Alinieleza bila hasira, kama anayeeleza bei ya saruji. Miaka michache baadaye nilimkuta akiuza vifaa vya simu. Nilimuuliza kama bado anaandika. Alinijibu kwamba anaandika risiti.

Halafu zikaja diski zenye filamu ishirini ndani ya moja, zilizopangwa mezani nje ya maduka kama nyanya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu 1999, na mwaka 2013 serikali ikaanza kutaka stempu za kodi kwenye CD na DVD za filamu na muziki. Stempu iliweza kumwonesha mteja diski ipi ni halali. Haikuweza kumfanya ajali. Mteja alisimama mbele yetu, akaishika diski yenye stempu, akauliza bei, akaenda kununua ya mezani. Jioni hiyohiyo ungemsikia kijiweni akisema waigizaji wetu hawajitumi. Leo chumba kile cha mjomba ni saluni.

Najua jibu linalokuja hapa: zamani haikuwa hivi. Lakini tusiwape watazamaji na wasikilizaji wa zamani sifa isiyo yao. Kwa miaka mingi upande wa bara ulikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na televisheni haukuwa nayo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango, na 1994 zikaja Radio One na ITV. Kabla ya hapo, aliyechoshwa na kipindi hakuwa na pa kukimbilia. Alisikiliza, au alizima.

Hata hivyo liko jambo moja la zamani ninalolirudia mara kwa mara. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Ulikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Ulihusu uzazi wa mpango na Ukimwi, mambo ambayo kwa kawaida yangewafanya watu wafifishe sauti ya redio. Wakaiongeza. Kabla ya kuandika, waandaaji walifanya utafiti kujua wasikilizaji wao wanaishi vipi na wanaamini nini. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia, na tofauti ilionekana. Kwa nini mchezo ule ulikuwa na nguvu hivyo? Siamini kwamba watu wa 1993 walizaliwa na vipaji kuliko sisi. Naamini kilichotofautisha ni kwamba muda wa kazi ile ulikuwa umelipiwa. Kulikuwa na redio ya umma, kulikuwa na wafadhili, na kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyeweza kukaa na Tunu mezani mpaka Tunu akawa mtu.

Ubora unatengenezwa kwa muda, na muda una mlipaji. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Nilipowaeleza vijana wa mtaani kwangu kwamba kuna filamu ya Kiswahili, ya Zanzibar ya miaka ya 1950, iliyopigwa vizuri hivyo, walifurahi kwelikweli. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Ipo YouTube?" La pili, "Ya bure?"

Maktaba zimekufa, swali la maktaba halijafa. Kilichobadilika ni mwandika daftari. Mimi niliandika jina na tarehe. Mitambo ya TikTok na YouTube inaandika umetazama kwa muda gani, umeacha wapi na umemtumia nani. Simu haioni kama umekunja uso. Ukikaa dakika nzima kwenye klipu ya wanandoa wanaotukanana, huku unasikitika, umehesabiwa sawa na aliyekaa akifurahi. Ukiandika chini yake "aibu tupu", umeiongezea hesabu ya maoni. Ukiituma kwenye kundi la familia na maneno "oneni jamii inavyoharibika", umefanya kazi ya msambazaji, tena kwa bando lako mwenyewe. Katika kundi letu la WhatsApp, klipu chafu kuliko zote huletwa na watu wenye maadili kuliko wote.

Mwaka jana suala hili liliingia nyumbani. Mpwa wangu, aliye mwaka wa pili chuoni Dodoma, alitengeneza na wenzake watatu kichekesho cha sehemu nne kuhusu mama muuza vitumbua anayewakimbia wadai wa mkopo wa kausha damu. Waliandika, wakafanya mazoezi wiki tatu, wakaazima kipaza sauti. Watazamaji wa sehemu ya kwanza wangeenea kwenye daladala mbili. Wa sehemu ya nne wangeenea kwenye bajaji. Kisha siku moja, wakiwa wamechoka, walirekodi sekunde arobaini za yeye akimzaba kibao kijana anayeigiza mume wake, kisa chumvi kwenye mboga. Hakuna aliyeiandika, hakuna aliyeihariri. Kulipokucha ilikuwa imemfikia bibi yake Kilosa. Muuza mawigi mmoja akampigia: anataka vibao vitatu kwa wiki, atalipa.

"Mjomba," aliniambia kwenye simu, "watu wanasema wanataka vitu vya maana. Nimewapa. Hawakuja. Kodi ya chumba inaisha mwezi ujao. Nifanyeje?"

Maneno ya kumwambia avumilie yapo mengi, na ni mepesi kwa asiyedaiwa kodi. Sikuyatumia. Niliingia kwenye kundi la familia, lenye watu thelathini na wanane ambao wote walikuwa wamemwandikia "hongera mwanetu", nikauliza: katika sehemu ya tatu, mama wa vitumbua alijificha wapi? Kimya. Jioni mtu mmoja akajibu: "Kwenye pipa la maji." Alikuwa shemeji yangu, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ameandika kitu zaidi ya "Amina".

Likizo ilipofika tulikutana sebuleni kwa dada, watu kumi na mmoja, tukaunganisha simu na televisheni. Kila mtu alitoa shilingi 2,000 mlangoni, hata dada mwenye nyumba. Sehemu ya kwanza walicheka. Ya pili ilipooza, na watu walisema imepooza, huku mpwa wangu amekaa palepale ameuma mdomo. Ilipofika wadai wanaingia kwa kelele na kupiga mlango mateke, mama mkubwa, ambaye maisha yake yote ameuza mchele sokoni, akasema polepole:

"Hawaji hivyo. Hawapigi kelele. Anaingia mmoja, anakusalimia vizuri, anakaa kwenye kochi lako, anaomba maji ya kunywa."

Sebule ilinyamaza. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba mama mkubwa aliwahi kukopa. Mpwa wangu alichukua simu yake akafungua mahali pa kuandika.

"Akishapewa maji, bibi, anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anakunywa huku anatazama vitu vyako, kimoja kimoja."

Tangu siku ile nimeacha kuzungumzia wajibu wa mtazamaji kama suala la kujizuia tu, kutobonyeza hiki, kutotuma kile. Hayo yana maana, lakini hayatoshi. Mtazamaji ana kitu ambacho msanii hawezi kukipata peke yake chumbani: anajua mdai huja vipi. Anapotazama mpaka mwisho, akalipa, akasema hapa umepatia na hapa umetudanganya, anaingia kwenye kazi yenyewe. Anapotazama sekunde tisa na kupita, msanii anabaki kubahatisha, na kibao ndicho kinachobahatisha vizuri kuliko vyote.

Wala sidai serikali ifungie kitu. Wimbo ukifungiwa, hutafutwa hata na wasiokuwa na habari nao, na kuufungia mbaya hakujaandika mzuri. Wala sina ugomvi na kicheko chepesi. Kile kibao cha chumvi kilinichekesha. Mtu aliyetoka kazini saa moja usiku, amesimama kwenye mwendokasi tangu Kimara, ana haki ya kucheka kitu kisichomtaka afikiri. Ninachokataa ni kugeuka kesho yake na kuuliza hadithi zimekwenda wapi, kana kwamba zilihama zenyewe.

Mpwa wangu alimkubalia muuza mawigi kibao kimoja kwa wiki badala ya vitatu. Kwa fedha hiyo, na ile 22,000 ya sebuleni, walipiga sehemu ya tano, ambamo mdai anaingia, anasalimia, anakaa, anaomba maji. Ilipata watazamaji wengi kuliko ya nne, na wachache mno kuliko kibao. Kodi ya chumba ilitoka kwenye kibao. Sina la kumlaumu.

Kwenye daftari langu la matumizi ya mwezi kuna mstari wa luku, wa maji, wa nauli na wa vocha. Mwaka huu nimeongeza wa burudani, shilingi 10,000. Mwezi uliopita 6,000 zilikuwa kiingilio cha mchezo wa jukwaani wa wanafunzi, na 4,000 nilimtumia kijana anayesoma hadithi zake kwa sauti na kuweka namba yake ya simu chini. Mwezi huu mama mkubwa ameniwahi. Amenipigia kuuliza kama zile elfu kumi zina mwenyewe, maana mjukuu wake ana sehemu ya sita kichwani, na mara hii mama wa vitumbua hajifichi.