Turathi za Ukambani na Ndugu Zetu Viziwi

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo humsuta aliyerithishwa akatupa. Haimtaji yule ambaye mila haikumfikia kamwe, kwa kuwa ilipitishwa kwa sauti naye hasikii. Mimi ni mzaliwa wa Kitui, na katika ukoo wetu yumo binti ya mjomba aliyezaliwa kiziwi. Ndiye aliyenifanya niitafakari mada hii.

Turathi zetu za Ukambani, kuanzia Kitui hadi Makueni, aghalabu si vyombo vilivyopangwa katika makavazi. Ni mawe, vilima na masimulizi. Karibu na mji wa Kitui liko jiwe la Nzambani. Husimuliwa kwamba alizungukaye mara 7 hubadilika jinsia. Ondoa simulizi hiyo, kinachobaki ni mwamba na ngazi ya chuma. Vivyo hivyo, ardhi ya Kitui haisemi yenyewe kwamba mwaka wa 1849 Krapf alipokewa huku na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, na kwamba ni kutoka huku alikouona Mlima Kenya. Wala kilima cha Nzaui, kule Makueni, hakimwelezi mgeni kuwa wamishenari walipiga kambi hapo mwaka wa 1895. Lazima pawepo msimulizi.

Nilipozuru Nzambani pamoja na binti huyo, mwongozaji alisimulia kwa ucheshi mwingi, na wageni wakaangua kicheko. Binti alizitazama nyuso zao, kisha akaniuliza kwa mikono wanacheka nini. Nikamfasiria. Akacheka sana, ila alicheka peke yake, wenzake wakiwa wamekwisha kusonga mbele. Baadaye aliuliza maswali mengi kuliko mgeni yeyote: je, aliyegeuka akizunguka tena hurudi alivyokuwa? Mwongozaji mwenyewe alikiri kuwa hajawahi kuulizwa hivyo. Ni bayana kwamba kilichopungua hapo si akili wala hamu, bali lugha.

Wapo wanaodhani kuwa bango la maandishi latosha. Bango lina faida yake, lakini kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, yenye sarufi yake. Kiswahili na Kiingereza cha maandishi kwao ni lugha za kujifunza, tena bila kuzisikia. Katiba ya 2010 imelitambua hilo. Ibara ya 7 inaitaka serikali iikuze lugha hiyo, nayo Ibara ya 120 inaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Inakuwaje basi lugha iliyokaribishwa Bungeni ikose mwenyeji penye mwamba wa Nzambani?

Tiba yake haihitaji mamilioni. Kule Mutomo, kusini mwa Kitui, ipo shule ya viziwi. Wahitimu wa shule za aina hiyo wanaweza kufunzwa na kuajiriwa wawe waongozaji. Simulizi zinaweza kurekodiwa kwa ishara katika video ambayo mgeni ataitazama kwa simu yake. Na panapochezwa kilumi, kiziwi akaribishwe aweke kiganja juu ya ngoma, kwani mtetemo hauhitaji sikio.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili nasi tuna sehemu yetu. Darasani tumezoea kuifafanua fasihi simulizi kuwa sanaa ya maneno yatamkwayo kwa mdomo. Kwa fasili hiyo, hadithi isimuliwayo kwa mikono haina pa kukaa, na msimulizi wake hahesabiwi. Napendekeza chama chetu, kitakapokwenda nyanjani kukusanya ngano za Kitui na Makueni, kiandamane na mkalimani wa ishara, na viziwi wawe miongoni mwa watakaohojiwa. Tusiwapelekee ngano zetu tu. Tuwaulize na zao.