Halima wa Kwihara na Mkate wa Asali



Mwezi Agosti mwaka 2018 nilikwenda stesheni ya reli hapa Tabora kumpokea mdogo wangu aliyekuwa akitoka Mwanza. Alishuka na begi moja na kifurushi cha dagaa. Nyumbani nilikuwa nimemwandalia chai ya maziwa, chapati na mayai, lakini alikunywa nusu kikombe tu, akashukuru, akaenda kulala. Asubuhi ikawa vivyo hivyo. Nilipomshika mkono niliona kwamba pete yake ya ndoa ameizungushia uzi ili isidondoke kidoleni.

Alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe ilikuwa mikononi mwa shemeji zake, naye akawa anaishi humo kama mpishi. Alipika, alifua na kuhudumia watu tisa, bila senti mkononi. Walikuwa wamemruhusu aje kunisalimu kwa wiki moja, na watoto wake wawili walibaki kule. Akichelewa, walimwambia, asije kuuliza habari za chumba. Tiketi ya kurudi alikuwa nayo tayari, ameiweka ndani ya Biblia.

Sisi wauguzi tumezoea kushauri. Mara hii niliona kwamba mtu asiyekula hana nguvu ya kubeba ushauri. Nikaomba ruhusa ya siku tatu kazini, nikamwambia, "Mdogo wangu, habari za Mwanza tuziache kwanza. Twende tukale."

Benchi la mama lishe

Mgeni anayekuja Tabora asitafute fahari. Kwetu hoteli ni mahali pa kula: meza yenye kitambaa cha plastiki, benchi, na ubao ulioandikwa kwa chaki vyakula vya siku hiyo. Asubuhi utapata supu na chapati, au chai ya tangawizi na maandazi. Mchana utapata wali na maharage, au ugali kwa kuku wa kienyeji. Ukibahatika utapata pia majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, ambayo Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma huyaita nsansa. Mboga hiyo haina sura ya kupendeza sahanini, lakini ukiionja mara moja utaulizia tena.

Tuliketi kwa mama lishe mmoja karibu na stendi ya mabasi. Kabla ya kutupa chakula alitumiminia maji ya uvuguvugu kwa birika, tukanawa kwa sabuni. Vyombo vyake vilikuwa vimefunikwa, na maji ya kunywa alisema ameyachemsha. Nami, kwa tabia ya kazi yangu, nilitazama hata kucha zake. Zilikuwa safi kuliko zangu.

Mdogo wangu hakutazama kucha. Alitazama daftari. Kila mteja aliyemaliza alilipa, au deni lake likaandikwa. Wanaume wazima, madereva na wapagazi wa stendi, walisimama mbele ya yule mama wakihesabu fedha kwa adabu. Mdogo wangu alikunywa supu yake yote bila mimi kumhimiza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kumbe mtu anaweza kupika na akalipwa."

Alisema kama mzaha, lakini hakucheka.

Mchana ule nilimpeleka kwenye hoteli kongwe iliyo karibu na stesheni, ambayo siku hizi huitwa Orion Tabora. Ni jengo la enzi za Wajerumani, lina veranda pana, na ukikaa pale unaelewa kwa nini wasafiri wa reli walipenda kupumzika hapo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara. Tuliagiza chai ya watu wawili na mkate wa kuchoma. Mdogo wangu aliugeuzageuza mkate, akaubonyeza kwa kidole, akauliza ni nani aliyeuoka. Nilifurahi moyoni. Mtu anayeuliza chakula kimepikwaje, hamu yake inarudi.

Mpishi aliyesimama nje ya mlango

Siku ya pili tulichukua bajaji hadi Kwihara, kilometa chache kutoka mjini. Barabara inapita kwenye miembe mikubwa. Wazee husema kwamba mingi ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Agosti si msimu wa maembe, lakini kivuli hakina msimu. Juu ya mapaa tuliona michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, ikisubiri kuwa akiba ya miezi ya njaa.

Kwihara ipo ile tembe ambayo leo ni makumbusho ya Livingstone na Stanley. Mwaka 1871 Stanley alipofika hapa akitokea Bagamoyo, Waarabu waliokaa Unyanyembe walimkaribisha kwa wali na mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, vitu vya kukaangwa vinavyofanana na maandazi yetu, mapapai na makomamanga. Kwa hiyo usidhani kwamba mkate wa ngano uliletwa Tabora na treni. Ulikuwapo, na mgeni aliupata. Lakini katika nyumba zile kazi nyingi zilifanywa na watumwa, na waliokanda unga ule hawakutajwa.

Mmoja tunamjua kwa jina. Ni Halima, mpishi wa Livingstone, mke wa Amoda. Stanley alipofika Ujiji alimkuta huko jikoni, akihangaika kwa furaha na wasiwasi kwamba mgeni amekuja na chakula lazima kifae. Baadaye walirudi Unyanyembe, na Livingstone akabaki Kwihara kusubiri wapagazi kuanzia Machi hadi Agosti 1872. Katika miezi hiyo Halima aligombana na mwanamke mwenzake, akaondoka kwa hasira. Alirudi mwenyewe, lakini hakuingia. Alisimama nje mpaka Livingstone atoke na kumwambia aingie. Livingstone alitoka, akampa nguo nzito ya kuzuia baridi, na katika shajara yake akamsifu kwa uaminifu na akili. Aliandika pia kwamba atamweka huru na kumnunulia nyumba na bustani watakapofika Zanzibar.

Livingstone alifariki Mei 1873 kabla ya kuiona Zanzibar. Ile nyumba hakuwahi kuinunua.

Nilikuwa nimelisimulia jambo hili kwa wageni mara kadhaa, kama sehemu ya kuwatembeza tu. Siku ile, tukiwa tumekaa kivulini tukitafuna michembe na karanga, nilipomaliza kusimulia mdogo wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Alikuwa amepika miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Mimi nimepika kumi na mmoja. Na Jumapili ningekwenda kusimama nje ya mlango."

Hapo ndipo alipolia, akina mama, kwa mara ya kwanza tangu afike. Sikumnyamazisha.

Moto juu, moto chini

Siku ya tatu hatukwenda mbali. Jirani yangu ni bibi wa Kiislamu ambaye wazee wake walikuja na misafara kutoka pwani. Mwezi wa Ramadhani hutuletea mkate wa kumimina, nasi Krismasi humpelekea keki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuoka bila jiko la umeme, kwa sufuria na mkaa. Nilimweleza kwamba mgeni wangu anataka kuona. Akamtazama, akasema, "Kaa hapa, mwanangu. Anayetaka kuona hujifunza akiwa na unga mikononi."

Tulioka mkate wa asali, kwa sababu Tabora ni nchi ya asali. Misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na kwingineko imelisha nyuki na wafuga nyuki kwa vizazi vingi. Nawaandikia namna yake, maana haihitaji vitu vya kuagizwa mbali.

Chukua unga wa ngano vikombe 4, ambavyo ni kama nusu kilo. Changanya na hamira vijiko vya chai 2 na chumvi kijiko cha chai 1. Katika bakuli lingine koroga asali vijiko vya mezani 3, mafuta vijiko vya mezani 2, na maziwa au maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo. Yakiwa ya moto mno yataua hamira. Yapime kwa kidole kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Mimina kidogo kidogo kwenye unga, kisha kanda kwa dakika 10 hadi donge liwe laini lisilonata. Funika kwa kitambaa safi kwa muda wa saa moja hadi liumuke na kuwa mara mbili. Likande tena kidogo, uliweke kwenye sufuria uliyoipaka mafuta, uliache nusu saa.

Weka mchanga mkavu uliochekechwa ndani ya sufuria kubwa, uupashe moto, na juu yake keti ile sufuria ya mkate. Funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa, kisha uweke makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Asali huwahi kugeuka rangi kuliko sukari, kwa hiyo moto mkali utakupa mkate mweusi nje na mbichi ndani. Baada ya dakika 40 hivi, ugonge kwa chini. Ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi, umeiva.

Kama muuguzi naongeza mambo mawili. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulambishwa tu, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu mwilini mwa mtoto mchanga. Na mwenye ugonjwa wa kisukari asidanganyike kwamba asali si sukari. Hupandisha sukari ya damu pia, kwa hiyo kipande chake kiwe kidogo na akihesabu katika mlo wake.

Mkate wetu wa kwanza ulipasuka upande mmoja. Yule bibi alicheka, akasema mkate uliopasuka ni wa nyumbani, wa dukani hauna kilema. Mdogo wangu alikula vipande vitatu.

Jina kwenye kikapu

Jumapili tulikwenda ibada ya asubuhi, kisha stesheni. Ndiyo, alipanda treni. Nilisimama pale nikiogopa, maana hakuwa ameniahidi lolote. Nilikuwa nimempa nauli ya watu watatu na kumweleza jambo moja tu, kwamba habari za mirathi hufunguliwa mahakamani, na kwamba mjane haombi fadhila akienda huko.

Baada ya siku 19 alirudi na watoto, magodoro mawili na sufuria zake. Shauri la mirathi alikuwa amelifungua. Lilichukua karibu miaka mitatu na kumchosha sana, na mwisho wake alipata sehemu, si nyumba yote.

Wiki ya kwanza ya biashara aliuza mikate 11 kati ya 20. Iliyobaki tuliikausha tukala na chai hadi watoto wakalalamika. Alipunguza ukubwa, akaanza kuuza vipande kwa wanaongoja mabasi, akapima afya yake kama inavyompasa kila anayeuza chakula, akanunua kikapu chenye mfuniko. Leo ana meza yake. Si tajiri. Karo hulipa kwa awamu, na mwezi mgumu bado hunipigia simu. Lakini pete yake imerudi kukaa kidoleni bila uzi.

Tunaposoma habari za mjane wa Sarepta aliyemwokea Eliya mkate, huwa tunahubiri juu ya pipa la unga lisilopungua. Sikuwahi kujiuliza jina lake alikuwa nani. Biblia haikulitaja, ila Mungu alimwona na akailisha nyumba yake. Je, sisi tunawaona wanaotulisha? Katika nyumba zetu yupo dada wa kazi, yupo wifi mjane, yupo bibi, na wengine wanapika mwaka hata mwaka huku wakingoja kuambiwa waingie. Tuwaite kwa majina, tuwalipe haki yao, na anayeweza kufundishwa kazi afundishwe akiwa na unga mikononi.

Ukipita Tabora, shuka ule. Pale stendi utaona kikapu cheupe chenye mfuniko. Ubavuni mdogo wangu ameandika jina lake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kupita kiasi. Nilimwambia limezidi. Akasema, "Liache hivyo hivyo, dada."

Bwana aibariki mikono yenu na unga wenu.